Mwizi wa Siku Hizi Hubisha Hodi



Juma hili nataka tuzungumze habari za wezi. Sisemi wale wavunjao mlango usiku, wala wale wachomoao pochi katika daladala za Mbagala. Hao twawajua, na kila mtu ana njia yake ya kujikinga nao. Nasema habari za mwizi abishaye hodi mchana, akaamkia shikamoo, akataja jina la mwanao, kisha akakuomba ufunguo wa nyumba yako, nawe ukampa kwa mkono wako mwenyewe na kumwambia ahsante. Mwizi huyo hana panga. Ana simu.

Najua wengine mtasema: sisi tu watu wa kijijini, hatuna fedha ya kuibiwa, mambo hayo ni ya Dar es Salaam. Sivyo. Mwizi huyu apenda kijiji sana, na sababu yake ni hii. Fedha nyingi ziendazo kijijini siku hizi hupita katika simu. Kijana auzaye mitumba Tandika, binti afanyaye kazi za nyumbani Tegeta, fundi mwashi wa Chamazi, dereva wa bodaboda wa Bunju, wote hutuma kwa baba na mama kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza katika nchi yetu mwaka 2008, na makampuni mengine yakafuata, hatungojei tena utingo wa basi atuletee bahasha. Ni neema kubwa, wala sitaki mtu asome maneno haya akaitupa simu yake kisimani. Lakini fedha ipitapo, mwizi hukaa njiani. Na katika njia hiyo ndefu kutoka Temeke na Kinondoni mpaka kwenu, mlango ulio dhaifu ni ule wa mwisho: mzee mwenye kitochi, asiyesoma vizuri maandishi madogo, aliye na hofu juu ya mtoto wake wa mbali.

Mnakumbuka habari ya Isaka katika Kitabu cha Mwanzo. Mzee macho yake yalikuwa yamefifia. Akamtuma Esau mawindoni kusudi ale, kisha ambariki. Kumbe Yakobo, kwa shauri la mama yake, akaja mbele akijifanya Esau, amevaa nguo za kaka yake, na mikono ameifunika kwa ngozi ya wana-mbuzi. Watu wengi humcheka Isaka. Mimi simcheki. Yule mzee alikuwa mwangalifu kuliko wengi wetu: alishangaa kuwa mawindo yamepatikana upesi, akaisikia sauti akaitilia shaka, akataka kumgusa kijana kwa mkono wake. Lakini alimpima kwa vitu viwezavyo kuazimwa, yaani nguo na ngozi. Tena angalieni jambo moja ambalo hupita upesi tukisoma: nguo zile zilikuwa ndani ya nyumba, na mbuzi wale walitoka katika zizi la jamaa hiyo hiyo. Mzee alidanganywa kwa mali ya nyumbani mwake.

Hivyo ndivyo afanyavyo tapeli wa simu. Sikilizeni mazungumzo yake.

Mama yuko shambani, tuseme Matombo, saa nne ya asubuhi. Simu yalia, namba asiyoijua.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Mama, mimi ni daktari, napiga kutoka Hospitali ya Temeke. Usishtuke, mama yangu. Kijana wako ameletwa hapa sasa hivi, amegongwa na gari.”

“Mungu wangu! Yule wa Mbagala?”

“Ndiye huyo huyo, mama, wa Mbagala.”

Mama ataja jina la mwanawe kwa kilio. Daktari alipokea jina lile, na tangu hapo alitamka kila mara, kana kwamba amelisoma katika kadi ya hospitali. Asema kijana apoteza damu, zahitajiwa shilingi 80,000 za dawa upesi, simu yake imevunjika katika ajali, tuma kwa namba hii ya nesi, wala usikate simu, mama, tafadhali usikate.

Sasa turudi nyuma tupime. Alipopiga, “daktari” alijua nini? Hakujua lolote. Hakujua kama mama ana mtoto, wala kama mtoto yuko Dar es Salaam. Lakini ni nani kijijini asiye na mtoto au mjukuu au mpwa mjini? Mbagala ameitaja mama. Jina amelitaja mama. Mtu yule alitupa ndoana tupu, na mama ndiye aliyeweka chambo. Na ile “usikate simu” si huruma ya daktari. Ameisema kwa sababu ajua kwamba ukikata utampigia mwanao, naye atapokea akiwa mzima, akikaanga chipsi zake pale Rangi Tatu.

Basi, kata simu. Najua tumefundishwa tangu utoto kwamba mtu aliyekuamkia huwezi kumgeuzia kisogo, na tapeli ajua hivyo, ndiyo sababu shikamoo zake ni nyingi mno. Kumkatia simu mtu usiyemjua aombaye fedha si utovu wa adabu. Piga ya mwanao. Asipopatikana, mpigie mtu aliye karibu naye. Hapa ndipo nawaomba akina baba na akina mama mfanye jambo moja juma hili: mtoto wenu akiwa mjini, muwe na daftari nyumbani, daftari la karatasi, lenye namba za watu watatu wanaokaa naye: mwenye nyumba wake, mwenzake wa kazi, na kiongozi wa jumuiya yake. Mtoto asiyeweza kuwapa wazazi wake namba tatu hizo, hapo pana shauri jingine la kuzungumza naye. Tena hospitali ya Serikali hutoa namba ya malipo ya Serikali. Haipokei fedha ya matibabu kwa simu ya mkononi ya nesi.

Namna ya pili mnaijua nyote, maana imekuwa kama salamu ya nchi hii: “Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo.” Watu huniuliza, huyu mtu amejuaje kwamba nilikuwa karibu kutuma fedha? Wengine husema ni uchawi, wengine kwamba makampuni yauza siri zetu. Jambo lenyewe ni jepesi zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2024 laini za simu zilizosajiliwa Tanzania zilizidi milioni 80. Tapeli hutuma maneno yale yale kwa mamia na maelfu ya watu bila kumjua hata mmoja. Katika watu elfu, siku ya mwisho wa mwezi, hakosi mmoja ambaye dakika ile ameshika simu ampelekee mwenye nyumba kodi, au mwalimu ada. Wale wengine 999 hucheka na kufuta. Yule mmoja hulia.

Na mara nyingi mwishoni huongeza: “Jina litakuja fulani.” Hayo maneno machache yana ujanja mkubwa. Ukituma fedha kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mwenye laini. Jambo hilo liliwekwa kukulinda: ukiona jina geni, ushtuke, uache. Tapeli alitafuta dawa ya kinga hiyo, akaipata, nayo ni kukuwahi. Akuambia mapema jina geni litakalotokea, hata likitokea wewe waridhika na kusema, ndilo lenyewe! Kile kilichowekwa kukuamsha amekigeuza kikulaze. Kwa hiyo mtu akikuambia kwa meseji kwamba namba imebadilika, mpigie kwa namba ya zamani, umsikie kwa sikio lako.

Namna ya tatu ndiyo niichukiayo kupita zote, maana hujifanya mlinzi. “Sisi ni huduma kwa wateja. Laini yako itafungwa leo. Tutajie namba yako ya siri tuihakiki.” Au akuambia ubonyeze nyota na tarakimu fulani, nawe wabonyeza, kumbe watuma fedha mwenyewe. Makampuni ya simu ya hapa kwetu hutumia namba 100 kwa huduma kwa wateja. Mtu apigaye kwa namba ya kawaida yenye tarakimu kumi, akajiita huduma kwa wateja, huyo ni tapeli, hata kama amekutajia jina lako lote na jina la babu yako. Na hata huyo wa 100 haulizi namba ya siri. Wala benki haiulizi. Wala polisi. Padre wala katekista hawaiulizi, na siku padre akikuuliza namba yako ya siri, ujue si padre.

Vijana wenye simu kubwa wana jaribu lao. Mtu aandika katika WhatsApp, kwa jina na picha ya rafiki yako: “Samahani, nimekosea, kuna namba sita zimekuja kwenye simu yako, nisomee.” Ukimsomea, umempa WhatsApp yako nzima. Rafiki yako alikwisha kuibiwa kabla yako, na sasa ni zamu yako. Saa moja baadaye jumuiya nzima yapata maombi ya mchango kutoka kwako, nawe huna habari, uko kisimani wachota maji. Namba zozote zijazo kwa meseji, ambazo hukuziomba, hazisomwi kwa mtu.

Mambo ya Freemason na pete za bahati, na yule “babu” mganga akosaye namba kila siku na kukuandikia kwamba majini yako yamekwisha kuwa tayari, sitayapotezea wino. Mkristo ashikwaye na hayo ana ugonjwa mwingine kabla ya ule wa simu. Barua pepe za kuahidi kazi Uarabuni au katika mashirika makubwa, zenye kudai picha ya kitambulisho na fedha ya fomu, ni ndugu wa hao hao: kazi ya kweli hulipa mshahara, haiuzi fomu. Juu ya mikopo ya haraka ya kwenye simu niseme kidogo tu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu bila leseni. Ubaya wa baadhi ya programu za namna hiyo si riba peke yake. Ukiziweka katika simu huomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyoyaandika humo, nawe wakubali bila kusoma. Ukichelewa kulipa, mama mkwe, na paroko, na mwalimu mkuu wote wapelekewa habari kwamba wewe ni mdaiwa sugu.

Sasa nije kwenye zizi letu. Ngozi za mbuzi zatoka wapi?

Kwanza, daftari la wakala. Liko wazi mezani, jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Ukingoja zamu yako waweza kusoma ukurasa mzima: fulani ametoa 150,000, namba yake hii. Wakala mwema huligeuza au hulifunika. Mkumbusheni.

Pili, karatasi tunazobandika wenyewe. Kadi ya mchango wa harusi huzunguka vikundi kumi vya WhatsApp ikiwa na majina ya wazazi, namba zao, kijiji watokako, na tarehe ambayo fedha zote zitakuwa zimekwisha kukusanywa. Tapeli angeomba nini tena? Katika makanisa mengi orodha ya watoto wa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara hubandikwa mlangoni pamoja na simu za wazazi. Mimi ni karani wa parokia, na hapa kwetu hubandikwa majina matupu. Simu hukaa ndani ya kabati. Vilevile huja watu kunipigia ofisini: “Karani, hebu nisomee tarehe ya kuzaliwa ya fulani katika kitabu cha Ubatizo, na jina la mama yake, ni ndugu yangu.” Siwasomei. Aje mwenyewe, au alete barua ya paroko wake. Wengine wamenuna, na mmoja alisema karani wa siku hizi ana maringo kuliko Askofu. Haidhuru. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022: achukuaye habari za mtu aeleze ni za kazi gani, wala asizitumie kwa nyingine.

Tatu, namba ya siri tunayoichagua. Wengi huweka mwaka wa kuzaliwa. Basi chukua kitambulisho chako cha Taifa ukitazame: tarakimu nane za kwanza za namba yake ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Yaani kila uliyempa namba ya NIDA umempa na namba yako ya siri juu yake. Badili leo.

Nne ni kidole. Katika mwaka 2019 tulianza kusajili laini kwa alama za vidole, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 zile zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Wengi tulidhani utapeli umekwisha, maana kila laini ina mwenyewe. Haukwisha, na njia moja ni hii: msajili wa mtaani, akaaye chini ya mwavuli na kimashine chake, amwambia bibi, “Kidole hakijashika, weka tena.” Bibi aweka tena. “Bado, weka tena.” Mara ya kwanza ilishika vizuri. Mara ya pili na ya tatu zimesajili laini nyingine kwa jina la bibi, nazo zauzwa kwa tapeli. Siku askari wakiifuata namba ya mwizi, watafika mlangoni kwa bibi anayepepeta mpunga. Kwa hiyo kila mtu abonyeze *106# katika simu yake, aone ni laini ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukiona usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni ile ukaikane. Mfanyieni hivyo na bibi, leo jioni, ni kazi ya dakika mbili.

Nalazimika sasa kuandika neno ambalo halitawapendeza wengine. Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, hutoa taarifa kila robo ya mwaka, na katika taarifa za miaka hii ya karibuni mikoa iliyotajwa kuongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu ni Rukwa na Morogoro. Wengi tungetaja Kinondoni au Manzese, si hiyo. Rukwa na Morogoro, mikoa ya misheni za zamani, iliyotoa mapadre na masista wengi! Yule daktari wa Temeke aliyempigia mama wa Matombo, yawezekana Temeke hajapata kuiona kwa macho. Yawezekana amekaa chini ya mwembe, tarafa ya pili tu kutoka kwa mama yule, naye alibatizwa kwa maji ya kisima kile kile.

Wazazi, kijana asiye na shamba wala duka, anunuaye pikipiki leo na bati za nyumba mwezi ujao, ana laini nane katika kopo la majani ya chai, na simu zake huzipokelea nyuma ya nyumba: mwulizeni. Msipokee sukari yake na kunyamaza. Huyo avunja Amri ya Saba na ya Nane kwa pumzi moja. Akija kuungama, padre atamwambia kama Kanisa lilivyofundisha siku zote, kwamba mali ya wizi hurudishwa kwa mwenyewe. Na huko nje ya kanisa kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo ina kifungo.

Turudi nyumbani kwa Isaka. Yule mzee angefanya nini? Nadhani angeuliza jambo lisiloazimika. Angemwuliza kijana habari ya siku moja porini, ambayo Esau peke yake angeijua. Nyumba moja niijuayo hapa Temeke wamefanya hivyo. Wana swali lao, ambalo ndugu wote wanalijua, wa mjini na wa kijijini, juu ya jambo la kuchekesha lililompata mjomba wao zamani siku ya Krismasi. Halikuandikwa popote, wala katika simu. Mtu akipiga kwa namba ngeni akasema ni mwana wa nyumba ile, na shida ni ya fedha, huulizwa. Asiyejua habari ya mjomba hapati kitu. Zamani ningesema sauti yatosha, lakini siku hizi kuna mashine ziwezazo kuiga sauti ya mtu hata mama yake asitambue. Wekeni swali, na liwe la aibu kidogo, maana mambo ya aibu hayasahauliwi.

Limebaki gumu, nalo ni la wazee wetu wasiojua kusoma. Twasema namba ya siri usimpe mtu. Lakini bibi afanyeje? Afika kwa wakala, ampa simu, na mbele ya foleni nzima asema kwa sauti: “Nitolee elfu ishirini, mwanangu, namba ni mbili, saba, tisa, moja.” Mawakala wengi ni waaminifu, nao hugeuza uso kwa aibu. Lakini katika foleni ile simjui nani yupo, wala wewe humjui. Kumkemea bibi si dawa. Wengine humpa mjukuu aibonyezee, na mjukuu ni mtoto mwema mpaka siku ya sikukuu ya Pasaka anapotamani viatu.

Ninalolishauri ni kumfundisha bibi kwa vidole. Katika kitochi, kitufe cha 5 kina kichuguu kidogo cha kupapasa. Kidole kikiwa pale, juu yake ni 2, chini yake ni 8, kushoto ni 4, kulia ni 6. Chagueni namba nne kwa njia, si kwa kusoma: juu, katikati, kulia, chini, au vyovyote atakavyo yeye. Na njia hiyo aichague mwenyewe, peke yake. Bibi ambaye vidole vyake hujua punje za rozari gizani, na hujua amefika fumbo la ngapi bila taa, hawezi kushindwa na vitufe vinne. Mpeni jioni mbili. Kisha akienda kwa wakala, wakala hufanya yake yote, na kwenye namba ya siri humrudishia simu mkononi.

Ukipokea meseji ya kitapeli, usiifute kwanza. Ipeleke kwa namba 15040, pamoja na namba iliyoituma, TCRA waifuatie. Na ikiwa fedha imekwisha kwenda, usikae kulia wala usione haya. Piga 100 saa ile ile, maana ikiwa tapeli hajaitoa yaweza kuzuiwa, kisha nenda polisi upewe namba ya RB. Haya ndiyo rafiki mkubwa wa tapeli. Watu wengi huficha, hata mume akamficha mke, na kwa kuficha huko jirani naye huliwa kesho kwa maneno yale yale.

Swali moja huulizwa mara nyingi na watu wenye dhamiri njema. Yaja meseji: “Umepokea shilingi 50,000,” na mara hiyo hiyo mtu apiga akilia kwamba amekosea namba, fedha ilikuwa ya mgonjwa, mrudishie. Mkristo huogopa: nikikataa, je, sijaiba?

Kwanza tazama meseji imetoka wapi. Ya kweli huja kwa jina la huduma yenyewe. Ya uongo huja kwa namba ya mtu wa kawaida, imeandikwa kwa kuigiza. Lakini usiishie hapo, uliza salio lako mwenyewe: Vodacom ni *150*00#, Airtel *150*60#, Halotel *150*88#, na wale waliokuwa Tigo, ambao sasa huitwa Yas, *150*01#. Mara nyingi utakuta salio ni lile lile la jana, hakuna aliyekutumia chochote, na kile unachoombwa kurudisha ni chako. Na ikiwa kweli fedha imeingia, hukuiba, wala si kazi yako kuirudisha kwa mkono. Mwambie huyo aliaye apige 100 kwa kampuni yake aeleze alivyokosea. Nawe piga ueleze ulichokipata. Wao wana kumbukumbu ya fedha ile imetoka kwa nani, watairudisha wenyewe. Mpaka hapo usiiguse.